Wale Waliosema Wanakuja Jumamosi

Juzi mvuke wa viazi ulinipiga usoni nikiwa jikoni kwangu, mtaa wa Dallas, mjini Embu, nikakumbuka ghafla kwamba ni miaka sasa sijasoma hadithi za Tata Kanana. Nikapangusa mikono, nikachukua simu, nikaandika anwani ya ile tovuti. Simu ikafikiria kidogo, kisha ikaniambia ukurasa huo haupo. Nikajaribu tena kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango wa jirani aliyehama. Haupo. Viazi vikashika chini ya sufuria huku mimi nimesimama pale nagombana na simu.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka tovuti ya aina ile. Mtu aliandika kisa kifupi cha maisha yake ya kila siku, basi: jinsi mama mkwe alivyokalia keki ya harusi, jinsi mwalimu alivyokwenda kusimamia mtihani amevaa kiatu cheusi na cha kahawia. Ukimaliza kusoma unateremka chini, unakuta maoni ya watu usiowajua, wengine wanacheka, wengine wanakuombea, wengine wanataka kujua ilikuwaje baadaye. Tata Kanana, dada mdogo wa Baba, aliandika huko kila Jumatatu. Na alichoandika kilitoka nyumbani kwetu Kibirichia, kwenye viazi na baridi na watu wasiojua kwamba wanaandikwa.

Tulikuwa watano katika boma lile. Kulikuwa na Cucu, mama yake Baba, ambaye ndiye mwenye boma. Kulikuwa na Baba, dalali wa viazi, mtu wa sauti kubwa na buti kubwa. Mama yangu alikuwa mwalimu upande wa Maua na alirudi shule zikifungwa. Halafu Tata Kanana, aliyemaliza chuo cha ualimu na kukaa akisubiri serikali ikumbuke kwamba yupo. Wa mwisho nilikuwa mimi, Kendi, mtoto wa kujua kusoma juzi na wa kusoma kila kitu, hata maandishi ya pakiti ya chumvi. Mimi na Tata tulilala kitanda kimoja. Yeye alinisimulia hadithi, mimi nilimpiga mateke usingizini, na kila mmoja aliona ni haki.

Mtandao kwetu haukufika nyumbani. Ulishikika sehemu moja tu, juu ya ukuta wa josho la ng'ombe, na ilibidi usimame umeelekea mlima. Tata alipanda pale jioni, sweta lake likipepea, simu ameinua juu. Mimi niliamini kabisa kwamba ndani ya simu kuna watu wamekaa kwenye mabenchi kama kanisani, na kwamba Tata anapanda juu ili wamwone vizuri. Nilikuwa nachana nywele kabla ya kumfuata. Siku moja nilipunga mkono.

Baba hakupenda mambo ya josho hata kidogo. "Mtu mzima, amesoma, anasimama juu ya ukuta kama kuku," alisema kila tulipokaa kula. "Hao watu unaandikia, Kanana, umewahi kuona hata mmoja? Hata mmoja tu?"

"Wako, Mutwiri," Tata alijibu. "Wananijibu."

"Hata kichaa wa soko huwa anajibiwa na watu wake."

Neno hilo lilimchoma Cucu kuliko lilivyomchoma Tata. Nilimwona Cucu akiacha kutafuna. Baadaye nilielewa kwamba ndicho alichokiogopa siku zote, kwamba binti yake anaongea peke yake huko josho. Na Baba alikuwa na dawa tayari. Rafiki yake alikuwa na duka la misumari na mabati huko Nanyuki, na alitaka mtu wa kukaa kaunta. Tata angelala huko huko, nyuma ya duka. Simu, Baba alisema, ingepumzika. Mimi niliposikia hivyo nilikwenda nyuma ya ghala la viazi nikalia mpaka makamasi yakaisha, kwa sababu sikujua mtu analalaje peke yake.

Basi Jumanne moja Tata alikuwa anakamua, simu yake iko juu ya meza, na Cucu akaniita kwa kidole. "Soma hapa," akasema. "Nisomee hao watu wanasema nini na mtoto wangu."

Kumbe Tata akiwa josho huwa anafungua ukurasa na kuuacha wazi ili ausome tena nyumbani. Hadithi ilimhusu Cucu mwenyewe. Ilieleza mukimo wake wa viazi na mahindi, jinsi anavyouponda kwa mwiko mrefu kuliko mimi, jinsi anavyomtishia mgeni anayesema ameshiba. Ilimalizika hivi: "Karibuni nyote Kibirichia. Mama yangu hajawahi kumwacha mtu aondoke na njaa." Cucu alisikiliza mdomo wazi. Kisha nikateremka kwenye maoni, nikasoma kwa sauti ya kanisani.

"Nakuja Jumamosi, niwekee sahani."

Cucu akainuka.

"Mimi na watoto wangu tuko njiani."

Cucu akakaa.

"Niko hapa Embu, nakuja na sufuria yangu."

"Mimi nakuja na kwaya yote."

Yaliendelea hivyo hadi mwisho wa ukurasa. Wote wanakuja. Mmoja alisema hatakula kitu tangu Alhamisi ili apate nafasi. Sikuona sababu ya kutilia shaka. Kwetu mtu akisema anakuja, unaweka maji motoni. Mgeni akikukuta na sufuria tupu, hiyo ni aibu ya kurithiwa, wajukuu watatajiwa. Cucu alikuwa ameshika kifua kwa mikono miwili, na machozi yanamtoka, na anacheka.

"Wako!" akasema. "Kendi, hawa watu wako! Na Kanana hajatuambia. Anaona aibu na hii nyumba yetu." Akanikazia macho. "Usimwambie kitu. Atarudi akute tumejipanga."

Atarudi, kwa sababu kesho yake Tata alikuwa anakwenda Meru mjini kumsaidia binamu aliyejifungua, na simu angeenda nayo. Angerudi Jumamosi.

Cucu alimwambia Baba achinje beberu. Baba alicheka mpaka akashika mlango. Alipoona mama yake hacheki, akanyamaza, akatafakari, kisha akasema kama mtu anayepatana bei ya gunia: "Sawa. Nachinja. Hao watu wakikuja, mimi nanyamaza maisha yangu yote. Wasipokuja, nyama tutakula, na Jumatatu Kanana anapanda pikapu ya Nanyuki. Bila maneno."

"Bila maneno," Cucu akasema, na wakapeana mkono.

Sasa, kwetu huwezi kupika chakula cha watu wengi kimyakimya. Kufikia Alhamisi wanawake wa mtaa walikuwa wanakuja na kuni mgongoni, maziwa, ndizi, na viazi, kana kwamba sisi tuliokaa juu ya viazi tumeishiwa navyo. Walimwuliza Cucu wageni ni wa nini.

"Ni wageni ya Kanana," Cucu alisema kwa fahari.

Hakuulizwa la pili. Msichana mkubwa ambaye hajaolewa, wageni wasiojulikana, beberu, tena Jumamosi! Wanawake walitazamana. Kesho yake walirudi wakiwa wengi zaidi, wamebeba leso za kujifunga, na wakaanza kufanya mazoezi ya nyimbo za kumzuia mposaji langoni. Cucu aliwasikia, akadhani wana bidii tu. Mimi nilicheza nao, nikaonyeshwa namna ya kuweka mkono kiunoni.

Jumamosi ikafika na baridi yake. Kulikuwa na mukimo katika kila chombo tulichokuwa nacho, pamoja na beseni langu la kuogea, ambalo liliogeshwa lenyewe kwanza. Harufu ya nyama ilifika barabarani. Wanawake walijipanga langoni wamejifunga leso. Baba alikaa kwenye kiti mbele ya mlango, amenyoosha miguu, ametulia kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Aliyetokea wa kwanza alikuwa Tata Kanana, juu ya bodaboda, na sweta lake la matope. Wanawake wakapigwa na butwaa.

"Kanana! Ndiyo unakuja hivi? Na watu wako karibu kufika?"

"Watu gani?"

Cucu akatoka jikoni, mikono imejaa viazi, uso unang'aa. "Wale wa simu. Kendi alinisomea. Usijali, chakula iko."

Sitasahau uso wa Tata. Aliangalia mabeseni, akaangalia leso, akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, wale walikuwa wanachekesha tu. Ni namna ya kuongea. Hakuna mtu anakuja."

"Waliandika," Cucu akasema.

"Wanaandika tu, Mama. Wako Mombasa, wako Kisumu, mmoja yuko ng'ambo."

"Mtu mzima hawezi andika uwongo mahali watu wanasoma." Cucu akarudi jikoni kuponda viazi vilivyokwisha kupondeka.

Tata akakaa juu ya gunia akajifunika uso. Wanawake wakaanza kunong'ona, kwamba mposaji amekimbia. Nilikwenda nikakaa karibu naye, nikaegemea bega lake. Nilikuwa na hasira na wale watu wa mabenchini. Niliwachania nywele, kumbe ni waongo. Baba hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu Baba akiwa ameshinda kidogo hucheka, lakini akiwa ameshinda kabisa huwa mpole. Aliangalia saa, akamwambia Tata taratibu, "Utazoea Nanyuki. Baridi ni ile ile."

Saa ikapita, na nyingine. Mukimo ukaanza kukauka juu.

Ndipo pikapu ndogo nyeupe, ya kubebea nyama, ikaingia njia yetu kwa mwendo wa mtu anayesoma vibao mahali pasipo na vibao. Ikasimama langoni. Akashuka mama mmoja mnene mwenye buibui na uso wa furaha, na mzee mwembamba mwenye kofia. Kwapani mama yule alikuwa amebeba sufuria.

Wanawake hawakungoja kuuliza. Walikuwa wamekaa na nyimbo zile siku mbili na zilikuwa zinawawasha. Wakafunga lango, wakaimba, wakachezesha mabega, wakawaambia wageni kwamba ua la nyumba hii halitoki bure. Mama yule alisimama akasikiliza, akadhani ndivyo Wameru wanavyokaribisha kila mtu, akaweka sufuria chini na kupiga vigelegele vilivyofukuza kunguru wote. Lango likafunguka lenyewe.

"Hapa ni kwa Kanana wa hadithi?" akauliza. "Tumepotea kidogo. Tulikuwa tunafuata vile ameandika: josho, halafu mti umeinama, halafu ng'ombe ya madoa. Ng'ombe alikuwa amehama. Ikabidi tuulize huko sokoni kwa yule jamaa alianguka kwa josho na suti ya harusi. Hapo kila mtu akatuonyesha!"

Boma zima likamgeukia Baba.

Mama yule naye akamwona. Akaweka mkono mdomoni. "Baba Zuhura," akamwambia mumewe, "ndiye huyu! Ona hizo buti!" Akacheka mpaka akatafuta mahali pa kushika, akashika bega la Baba mwenyewe. "Samahani, ndugu yangu. Samahani. Ni vile nakujua."

Alitujua wote. Alimshika Cucu mikono miwili akamwita Mama. Alinitazama, akasema, "Wewe ndiye wa mateke." Tata alikuwa amesimama kando ya gunia lake, machozi hayajakauka, na nadhani hakuamini macho yake. Alipokumbatiwa alisema neno moja tu: "Umekuja."

"Si nilisema nakuja?" Mama Zuhura akashangaa. "Wewe ulisema karibuni, mimi nikasema nakuja na sufuria. Ilikuwa nini kingine?"

Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi. Cucu alimkalisha, akamletea sahani ya nyama iliyojaa hadi ukingoni. Mama Zuhura akaipokea kwa heshima, akaiweka, akaomba mukimo. Cucu akasogeza nyama. Mama Zuhura akasifu mukimo. Cucu akaisogeza tena kwa mikono miwili, maana wageni wawili tu ndio wamefika, na hawali nyama.

"Mama, usikasirike," mgeni akasema. "Sisi ni Waislamu. Nyama inachinjwa na mtu wetu. Ndiyo nikaandika nitakuja na sufuria yangu. Sikuwa nachekesha."

Cucu alifikiri. Kiswahili chake kilikuwa kichache na alikitumia kama chumvi. "Huyu mzee yako," akasema, akimwonyesha mwenye kofia, "anajua kuchinja?"

"Hiyo ndiyo kazi yake. Tuna buchari Embu."

"Basi Kendi, shika jogoo."

Kusema ni rahisi. Jogoo yule alipita katikati ya wanawake, akapanda meza, akakanyaga mukimo wa beseni, na hatimaye akakamatwa na Baba, aliyejirusha mzima mzima kama golikipa akatua kwenye matope. Alipoinuka, Mama Zuhura alikuwa ameshatoa simu.

"Usiandike hii," Baba akamwambia Tata kwa ukali.

"Aandike!" wakasema wanawake wote.

Tulikula jogoo aliyepikwa kwa sufuria ya Embu, na wengine wakala beberu, na hakuna chombo kilichobaki na kitu. Wanawake waliuliza kwa upole kama basi hakuna anayeolewa. Walipojibiwa hakuna walisikitika kidogo, kisha wakaongeza sahani. Ndipo Mama Zuhura akaeleza mambo ambayo hata Tata hakuyajua. Jumatatu huwa anasoma hadithi kwa sauti pale buchari, wateja wakingojea kukatiwa. Wako wanaokuja bila nia ya kununua chochote, wanasimama tu kando ya mizani wasikie. Mzee mmoja wa Kianjokoma huteremka mjini kwa ajili hiyo, na akichelewa wanamrudia tangu mwanzo.

"Na wanapenda ya nani?" Baba akauliza, akiangalia ukutani.

"Ya kwako, ndugu yangu. Siku hauko ndani ya hadithi, wananiuliza kama wewe ni mgonjwa."

Baba akainama. Nilimwona akipangusa buti zake kwa nyasi.

Wageni waliondoka jua likiwa bado liko, na gunia la viazi nyuma ya pikapu. Cucu alisimama barabarani akipunga mkono hata baada ya vumbi kutulia. Nilifikiri mambo yamekwisha. Lakini kesho yake, Jumapili, Baba hakusema lolote kuhusu Nanyuki, na Tata hakuuliza. Wageni walioahidi walikuwa ukurasa mzima na waliofika ni wawili, na nilijua Baba anaweza kubishana juu ya hilo kama angetaka. Dalali hashindwi kupata neno. Jumatatu asubuhi pikapu ya Nanyuki ikafika kama ilivyopangwa. Tata, ambaye hakutaka kumwaibisha kaka yake mbele ya rafiki yake, alikuwa amefunga begi. Akalipakia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, nikiamini kwamba naweza kulizuia.

Baba akatoka nyumbani amevaa koti. Akasimama kando ya pikapu, akaangalia begi, akaangalia mlima.

"Leo ni Jumatatu," akasema.

"Ndiyo," Tata akasema.

"Sasa huko Nanyuki, ukiwa unauzia watu misumari, utapanda josho gani?"

Tata akageuka kuangalia josho. Baba akanyoosha mkono, akashusha begi, akaliweka chini kwa uangalifu kana kwamba lina mayai. Akamwambia dereva aende, atampigia rafiki yake. Pikapu ikaondoka, nikaliacha gurudumu kwa wakati.

"Niandike nini leo, Mutwiri?" Tata akauliza, na sauti yake haikuwa nzima.

Baba alifikiri sana. "Andika kwamba ulitaka kwenda Nanyuki kuuza misumari," akasema, "na kaka yako akakukataza."

Cucu alifungua mdomo. Tata akamgusa mkono, Cucu akaufunga.

Jioni Tata alipanda josho akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno, na kaka wa hadithi ile alikuwa mwerevu na mpole na buti zake zilikuwa safi. Nilichelewa kulala, simu ya Tata mkononi, ukurasa wenye maoni ukiwa wazi. Baba alikuja mlangoni akakohoa, akaniuliza kama watu wamesema kitu. Nikamsomea maoni ya kwanza, yaliyotoka Embu: "Mwenye kaka kama huyo ashukuru Mungu."

Baba akakaa pembeni ya kitanda, akaniambia nisome tena, polepole.